Kompyuta Iliyokwama Jumanne

Ndani ya kompyuta ya Shangazi ilikuwa Jumanne, na ilikuwa Jumanne kwa mwaka wa pili sasa.

Huko nje siku zilikwenda kama zinavyokwenda. Watu walihama nyumba, walizaa, walikosana na kupatana. Lakini kila asubuhi, kabla hata hajaweka mkoba chini, Shangazi aliketi mbele ya kompyuta, akavaa miwani, akabofya pembe ya kioo palipo na tarehe na kuirudisha kwenye Jumanne ile ile. Akimaliza alishusha pumzi kama mtu aliyetia komeo mlangoni. Ndipo alipomkumbuka mpwa wake.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, Taratibu. Leo Jumanne."

"Haya. Leo Jumanne."

Taratibu halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alipewa na Shangazi mwaka ule alipoletwa na baba yake kujifunza kazi, baada ya kuonekana akitumia asubuhi nzima kufumua jina moja lililodariziwa vibaya kwenye taulo, uzi mmoja mmoja, bila kuacha tundu. "Huyu hata moto ukiwaka atauliza kwanza umeanzia wapi," Shangazi alisema, na jina likamganda. Hakuchukia. Shule aliishia darasa la saba, na tangu hapo karibu kila alichokijua alikijua kwa kukitazama mpaka kichoke chenyewe.

Duka lilikuwa chumba kimoja kirefu, ukuta mmoja na kwa Kinyozi. Dirishani meza ya kukatia. Katikati mashine ya kudarizi, kubwa kama kitanda cha mtoto, sindano zake saba zimepangwa kama meno. Pembeni kompyuta ya zamani, na kati ya kompyuta na mashine waya mmoja wa kijivu. Uhai wa duka zima ulipita kwenye waya huo. Mashine haikuwa na kumbukumbu hata chembe. Kompyuta ndiyo iliyoilisha mchoro pigo kwa pigo, sindano ishuke hapa, fremu isogee pale, kama mtu anayemlisha mtoto uji kijiko kwa kijiko. Kompyuta ikinyamaza ghafla, mashine ilishtuka, na mkono ulioshika fremu ulikimbilia mahali pake pa kuanzia, ukiburuta kitambaa na uzi pamoja.

Ndivyo ilivyokuwa mara ya kwanza. Shangazi alikuwa anadarizi kitambaa cha meza cha mteja. Bila hodi wala karibu, kioo kikageuka buluu, maneno yakasema masasisho yanaendelea, tafadhali usizime. Sindano ilikuwa katikati ya ua. Fremu ikaruka, kitambaa kikapasuka, na kompyuta ilipowaka tena ikautazama ule waya kama mtu aliyejifanya hamjui jirani yake. Mashine ililala siku kumi na moja.

Aliyeiamsha alikuwa Mtaalamu. Zamani alitengeneza redio. Siku hizi alitengeneza chochote chenye waya. Alibofya huku na huku kwa kasi, macho ya mtu hayakumfuata, mpaka mashine ikalia tena. Kisha akamwachia Shangazi dawa.

"Hizi apdeti, dada, zinakuja kwa tarehe. Tarehe isipofika, nazo hazifiki. Kila asubuhi wewe irudishe nyuma, basi. Zitangoja mpaka zichoke."

Na akiwa tayari mlangoni akaongeza la kwake: "Ila mashine hii inakula umri wako. Siku ukichoka usihangaike, niuzie mimi. Nina pa kuiweka."

Tangu siku hiyo apdeti zilikuja mara tatu nyingine. Kila mara Mtaalamu aliitwa, na kila mara alilirudia lile neno la mlangoni. Shangazi hakuiacha dawa. Alisema huenda siku hizo alichelewa kuinywesha. Lakini raha ilikuwa imemtoka. Mlio wowote mdogo wa kompyuta ulimfanya ashike kifua. Alikula amesimama. Mashine ikiwa kazini alizunguka chumbani kama kuku anayetafuta pa kutaga, akigusa uzi huu na ule, akafunga dirisha, akalifungua, mpaka Taratibu naye akajikuta anabana meno bila kujua.

Taratibu alikuwa ametazama. Aliona kwamba tarehe haikai Jumanne kutwa nzima. Kuna wakati inaruka yenyewe na kurudi kwenye siku ya kweli. Aliona inaruka pale tu ile alama ndogo ya mtandao, iliyokaa kama upepeo, inapokuwa imewaka. Na alama huwaka Kinyozi akishafungua duka, kwa sababu siku moja aliwapa neno la siri la waifai yake wapokee picha ya mteja, na kompyuta haikuisahau njia. Jumatatu, siku Kinyozi anafunga, hakuna kinachoruka wala kinachokuja.

"Shangazi, mimi naona haziji kwa tarehe. Zinapitia kwa Kinyozi."

"Zinapitia kwa Kinyozi! Zinakwenda kunyolewa?" Shangazi alisema, lakini hakucheka. "Mwanangu, Mtaalamu amesomea vitu hivi. Wewe umesomea wapi?"

Ila Shangazi akitoka kupeleka kazi kwa wateja, Taratibu alifungua ukurasa mmoja wa mipangilio ya kompyuta, mmoja tu kwa siku, akausoma neno kwa neno na kuandika kwenye daftari alichokielewa. Bahati nzuri yote yalikuwa kwa Kiswahili. Mtaalamu mwenyewe ndiye aliyeibadilisha lugha kumfurahisha Shangazi, kisha akajuta, maana alizoea Kiingereza, na sasa alikuwa akitembea humo kwa kupapasa, kama mtu aliyezimiwa taa kwenye nyumba yake.

Kisha likaja pazia.

Lililetwa na mwalimu mkuu wa shule ya barabara ya pili, likiwa mabegani mwa walimu wawili: pazia la jukwaa, mahameli nyekundu, zito kama gunia la maji. Ukumbi wao mpya ulikuwa unafunguliwa Jumamosi. Alitaka nembo ya shule katikati, korongo amesimama juu ya kitabu, rangi saba.

Walipoondoka, Shangazi alipitisha kiganja juu ya mahameli, kwenda na kurudi, ikawa nyeusi, ikawa nyekundu.

"Unaijua mahameli wewe? Pamba ukikosea unafumua, unapiga pasi, yamekwisha. Hii sindano ikipita mahali, tundu halifi."

Kisha akasema bila kumtazama:

"Nimeshaongea na Mtaalamu. Kazi hii naifanya Alhamisi. Ikienda salama, tunaendelea. Ikiharibika tena, Ijumaa anakuja kuchukua mashine. Moyo wangu umechoka kudundadunda."

"Na mimi?"

"Wewe utarudi kwa baba yako. Au nitakutafutia nyumba ya watu, kufua, kupika. Bado u kijana, hukosi."

Taratibu alitazama ncha za vidole vyake. Zilikuwa na alama za sindano za miaka minne. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba anaipenda kazi hii. Hakujua ilisemwaje.

Jumatano jioni Shangazi alitoka kwenda kutafuta uzi wa rangi ya dhahabu. Taratibu akafungua ukurasa ambao kwenye daftari alikuwa ameuzungushia duara mara mbili. Masasisho. Chini yake kulikuwa na kitufe: Sitisha kwa wiki moja. Akabofya. Kompyuta ikamjibu kwa adabu kwamba masasisho yamesitishwa mpaka Jumanne inayofuata, ikataja na tarehe. Aliilinganisha na ile ya pembeni mwa kioo, akaona ni wiki kamili, akaridhika. Hakumwambia Shangazi. Alijiambia atamwambia Alhamisi jioni, korongo akishasimama.

Alhamisi ilianza kwa simu. Mwalimu mkuu alisema samahani, korongo wetu anatazama kulia, mliyepewa anatazama kushoto, na sasa hivi anatuma mchoro wa kweli. Wakangoja Kinyozi afungue. Alama ya mtandao ikawaka, mchoro ukagoma mara mbili, mara ya tatu ukaingia. Taratibu alikuwa amenyoosha mkono kuuzima mtandao Shangazi alipopiga kelele kutoka kwenye mashine.

"Njoo ushike huku, linanielemea!"

Akaenda. Walilipandisha pazia, wakalinyoosha, wakalibana kwenye fremu, wakaona limekaa upande, wakalibana upya. Walipomaliza walikuwa wanatota jasho, na ile alama ya mtandao ilikuwa imewatoka vichwani wote wawili.

Saa tatu sindano ilishuka. Pembeni mwa kioo namba zikaanza kupanda: pigo la kwanza, la kumi, la mia. Korongo mzima alihitaji mapigo elfu arobaini na mbili.

Kitabu kilitoka vizuri. Miguu ikatoka. Shangazi alizunguka, akasimama, akazunguka.

Saa sita Mtaalamu aliingia na begi lake. "Nimepita tu," alisema, akavuta kigoda, akakaa mkao wa mtu asiyepita.

"Unapita mpaka saa ngapi?" Shangazi akamuuliza.

"Usinisemeshe, dada. Angalia ndege wako."

Kinyozi naye akachungulia, mashine ya kunyolea mkononi, nusu ya kichwa cha mteja wake ikimngoja upande wa pili. Alitazama watu watatu waliolizunguka pazia, hakuna anayepumua sawasawa.

"Jamani, huyu korongo anatibiwa kuliko mke wangu alipojifungua."

"Toka!" Shangazi alisema. "Utanikatia uzi kwa mdomo wako."

Kinyozi akatoka anacheka. Saa ikawa saba. Shingo iliisha, ikaanza rangi ya tano, bawa. Taratibu alikuwa hatazami bawa. Macho yake yalikuwa kwenye pembe ya kioo, ndiyo maana aliiona ilipotokea: Jumanne ikayeyuka, ikawa Alhamisi. Alhamisi ya kweli, mwaka wa kweli.

Haikupita dakika, kibao cheupe kikajitokeza katikati ya kioo.

Muda wa kusitisha masasisho umekwisha. Kompyuta itawaka upya baada ya dakika 15.

Taratibu alielewa yote kwa mara moja, kama mtu aliyevuliwa kitambaa machoni. Ile wiki aliyoiomba jana ilikuwa wiki ya Jumanne ya uongo. Tarehe iliporukia ukweli, wiki hiyo ilikuwa imekwisha karibu miaka miwili nyuma. Na mlango wa Kinyozi ulikuwa wazi tangu asubuhi.

"Nini hiyo?" Shangazi aliuliza, ingawa alishaona. Mkono ulishakwenda kifuani. "Nini hiyo? Mtaalamu!"

Mtaalamu alisharuka kutoka kwenye kigoda. "Irudishe tarehe! Nipishe hapo, nipishe haraka."

Taratibu aliweka kiganja juu ya kipanya cha kompyuta. Hakujua kama ataweza kukiondoa.

"Kaka, ngoja kidogo."

"Ningoje nini? Dakika kumi na nne!"

"Ndiyo hivyo, inahesabu dakika. Siku haiangalii. Ukishika tarehe sasa hivi utapoteza dakika tu, na hii haitasimama."

"Dada, mtoe huyu mtoto hapa."

Shangazi alikuwa anatazama sindano. Ilikuwa inapanda na kushuka ndani ya bawa, haina habari. "Bawa limebakiza muda gani?"

"Nusu saa," Taratibu alisema. "Halitawahi. Shangazi, tuisimamishe wenyewe."

"Kuisimamisha! Katikati ya bawa! Juu ya mahameli!"

"Kinachoharibu ni ule mruko. Kusimama tu hakuharibu kitu." Maneno yalimtoka mengi kuliko alivyozoea, yakisukumana. "Kompyuta inazimika mashine ikiwa macho, ndiyo maana mkono unakimbia. Tukiizima mashine kwanza, kwa swichi yake, fremu inabaki pale pale. Unakumbuka siku umeme ulipokatika tunadarizi zile kofia? Vyote vilizimika pamoja, na fremu haikusogea hata unywele. Nilipima."

"Na ikiwaka tena itajuaje ilipoishia?" Mtaalamu aliuliza. Sauti ilikuwa ya kudhihaki, lakini swali lilikuwa la kweli.

"Haitajua. Mimi nitajua. Nitaandika namba ya pigo."

"Kati ya elfu arobaini!"

"Namba ni ile ile, ziwe elfu au ziwe kumi."

Shangazi aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Mtaalamu alikuwa amesomea. Mtaalamu alikuwa na begi. Huyu mwingine alikuwa na chaki ya fundi mkononi na jasho juu ya mdomo.

"Una hakika, mwanangu?"

"Fremu nina hakika nayo. Waya sina hakika nao. Inaweza ikaamka haiutambui, kama zamani."

Kama angesema ana hakika na yote, pengine Shangazi asingemwamini.

"Simamisha," alisema, kwa sauti ndogo sana.

Taratibu alisogeza kidole mpaka kwenye kitufe cha mashine, akakiacha hapo. Hakubonyeza. Sindano ilikwenda, ikarudi. Dakika tisa.

"Simamisha basi!"

"Bado."

"Taratibu, utaniua!"

"Unyoya huu uishe ukingoni. Nikikata katikati itaonekana."

Mtaalamu alitupa mikono juu na kumpa mgongo. Shangazi alishika ukingo wa meza. Sindano ikashona kwenda, ikashona kurudi, ikafika kwenye ncha ya unyoya, na kidole kikashuka.

Kimya kilichoingia humo ndani kilikuwa kizito kuliko pazia.

"Elfu thelathini na tatu, mia nne na sita," Taratibu alisoma, akiandika kwa chaki juu ya meza. "Shangazi, nisomee na wewe."

"Elfu thelathini na tatu... mia nne na sita."

Akazima swichi ya mashine. Fremu haikutikisika. Akahifadhi mchoro. Zilikuwa zimebaki dakika nne, na kioo kilikuwa kinawapa vitufe viwili, cha kungoja na cha kuwasha upya sasa. Hakungoja. Alibofya mwenyewe.

"Umefanya nini?" Mtaalamu aligeuka.

"Inakuja, inakuja tu. Bora ije nimeiita."

Kioo kikageuka buluu. Asilimia tano. Asilimia tisa.

Hapo ndipo pa kutesa, kwa sababu hapakuwa na la kufanya. Shangazi alichukua ufagio akafagia chini ya meza, akamaliza, akafagia pale pale tena. Mtaalamu alimpigia mtu simu akakata kabla hajapokea. Kwenye asilimia thelathini na tano namba ilikwama, ikakaa, ikakaa tena. Shangazi alikuwa amelishika pazia kwa chini, kama anayemshika mgonjwa mguu, bila kuliinua. Kwa Kinyozi mtu alicheka, na wote watatu wakatazama ukuta kwa hasira.

Ikafika mia. Kompyuta ikazimika, ikawaka, ikalia mlio wake wa kuamka. Taratibu akawasha mashine. Fremu ilikaa kimya mahali pake. Akafungua programu ya kudarizi, na programu ikamwambia: Mashine haijaunganishwa.

"Nilisema," Mtaalamu alisema. Lakini alilisema bila furaha. Alikuwa ameshasogea karibu. "Nipishe nione." Akainama, akazungusha macho kwenye kioo, na kidole chake kikabaki hewani. "Hiki Kiswahili... wamevihamisha tena vitu humu. Tafuta palipo na orodha ya vifaa."

"Ninapo." Taratibu aliufungua ukurasa. Aliwahi kuusoma, ukurasa wa siku ya ishirini na kitu, ila hakujua ni wa kazi gani.

"Chenye alama ya hatari ya manjano. Bofya kulia. Chini kabisa."

"Kimeandikwa Sifa."

"Hicho. Sasa hapo juu kuna vichwa, nenda cha pili."

"Kiendeshi."

"Humo, ndicho kinachoifundisha kompyuta kusema na mashine. Utaona vitufe vimepangwa kwenda chini. Mimi hubofya cha tatu. Au cha nne. Si cha nne. Ngoja. Vinasemaje?"

Taratibu alisoma polepole. "Cha tatu, Rudisha kiendeshi cha awali. Cha nne, Ondoa kifaa."

Mtaalamu alijikuna shingo. "Cha tatu. Mara ya kwanza ile... nilianza na cha nne."

Shangazi akainua kichwa. "Umesema?"

"Nilianza na cha nne, dada. Ndiyo maana zikafika siku kumi na moja."

"Mtume wee!" Shangazi alisema, akapiga kofi moja tu la mshangao. "Siku kumi na moja umeniimbia apdeti, apdeti!"

"Na apdeti ilikuwepo," Mtaalamu alijitetea.

Taratibu alibofya cha tatu. Kompyuta ikafikiri. Waya wa kijivu haukufanya kitu chochote, waya haufanyi kitu, lakini kwenye paji la mashine taa ya kijani ikawaka.

Aliandika namba. Akairudisha nyuma kwa mapigo sita, ili uzi mpya ushike mkia wa uzi wa zamani. Akamtazama Shangazi, na Shangazi akafumba macho.

Sindano ilishuka.

Iliingia pale pale. Ikapanda, ikashuka, ikauacha ukingo wa unyoya na kuanza mwingine. Aliyejua pa kutazama, akiinama mpaka pua iguse mahameli, angeona uzi umenenepa kidogo sehemu isiyozidi punje ya mchele. Mwingine asingeona kitu.

Saa kumi na nusu korongo alisimama mzima, anatazama kulia. Shangazi alikata uzi wa mwisho. Akakaa. Akakaa kabisa, kwa makalio yote, kwenye kigoda cha Mtaalamu.

"Kumbe kiti chenyewe kibovu," alisema.

Mtaalamu aliokota begi lake. "Kwa hiyo, dada, kesho nije na gari au nisije?"

Shangazi alifungua mdomo, na Taratibu akawahi kusema kabla hajajibu. Alijua asiposema sasa hatasema tena.

"Ngoja, Shangazi. Ile apdeti ya leo niliileta mimi."

"Uliileta vipi?"

"Jana ulipotoka nilizisitisha kwa wiki moja. Sikukuambia. Tarehe niliiona, sikukumbuka kwamba ni ya uongo. Ikaruka, wiki ikawa imepita zamani. Na asubuhi mtandao sikuuzima."

Mtaalamu aliweka begi chini taratibu. Taratibu akaanza kukusanya vipande vya uzi sakafuni, apate pa kutazama.

"Ulishika kompyuta yangu bila kuniambia," Shangazi alisema. "Siku moja kabla ya kazi kama hii."

"Ndiyo."

"Ungeweza kukaa kimya. Mimi nilikuwa naelekea kukusifu."

"Najua."

"Mjinga wewe." Aliinuka, akatembea mpaka dirishani, akarudi. "Na huyu naye, cha nne! Miaka miwili nafunga mlango wa mbele, na wa nyuma uko wazi kwa Kinyozi, na kila mtu humu ana siri yake." Akamgeukia Mtaalamu. "Usije na gari. Siuzi. Ukitaka kuja, njoo kwa miguu, umsomeshe huyu hivyo vichwa vya juu, naye akusomee maandishi. Mkiwa wawili mnakuwa fundi mmoja."

"Dada, unanitukana."

"Nakuajiri. Nenda."

Alipotoka, Shangazi alisimama mbele ya kompyuta mikono kiunoni. "Haya, nieleze. Kuizima hiyo apdeti milele haiwezekani?"

"Si vizuri. Ndiyo inayoziba matundu wezi wasiingie. Ila tunaweza kuipangia saa. Tarehe tunaiacha ikae ya kweli, mtandao tunauwasha tunapoutaka sisi, na mara moja kwa wiki tunaiita wenyewe. Mashine ikiwa imezimwa, fremu haina kitu."

"Saa ngapi?"

"Jumamosi mchana. Nitakaa nayo mpaka iishe. Ikiukana waya, najua cha tatu."

"Na ukikosea?"

"Nitakuambia kabla hujaona."

Shangazi alivuta pumzi, akaizuia, akaiachia. "Na mimi nitakuwa wapi muda huo wote? Mimi siwezi kuutazama ule ubuluu, nitapasuka."

"Utatoka, Shangazi. Utatembea kidogo."

"Nitembee niende wapi, na duka langu liko hapa?"

"Popote."

"Nitasimama mlangoni."

"Sawa. Mlangoni."

"Lakini nitakuwa nauliza asilimia."

"Uliza," Taratibu alisema. "Nitakujibu."